Laptop ilipunguza mwendo hadi mikono ya mke wangu ikawa haisomeki

Wakuu, salaam aleikum. Na msiosalimiana hivyo, hamjambo huko mliko.

Mimi humu ni msomaji tu, mtu wa kupita kimya na kuacha like. Leo naandika kwa sababu jambo hili limenikaa kifuani, nikiketi nasimama tena. Nitalieleza kama lilivyokuwa, pamoja na pale nilipofanya ujinga. Nikificha ule ujinga, uzi wenyewe hautamfaa mtu.

Anayetaka solution peke yake ashuke chini kabisa. Lakini ukiruka hapa katikati hutajua kwa nini nilikuwa nakimbizwa na boda barabarani, laptop kifuani kama mtu aliyeiba.

Haya.

Mimi ni mwenyeji wa Kinondo. Ninafanya kazi store ya hoteli moja upande wa Galu, mambo ya shuka, taulo na sabuni. Kompyuta naijua ya Excel na ya YouTube, basi.

Mke wangu anaitwa Mwanasiti. Ni kiziwi. Alipokuwa mdogo kwao Msambweni alishikwa na homa ya uti wa mgongo, homa ikaondoka na masikio yake. Nyumbani tunaongea kwa lugha ya ishara. Na niwaambie walio kwenye ndoa, kugombana kwa ishara ni kazi nzito kuliko kwa mdomo, maana huwezi kugombana huku umempa mwenzako mgongo.

Mwanasiti ni fundi wa nguo, lakini kipaji chake ni kufundisha. Mimi mwenyewe alinifundisha kabla hata sijampelekea mtu posa.

Sasa, kuna kikundi kinachosaidia familia zenye watoto viziwi huku Kwale. Watoto wengi wanakwenda shule za bweni, wanafundishwa ishara huko, wakirudi likizo wamekuja na lugha nzima mikononi, na nyumbani hakuna wa kuwajibu. Mama anaonyesha sahani, baba anaonyesha mlango, basi mazungumzo yameisha.

Kikundi kikataka kufungua darasa la wazazi kwa video, kwa sababu familia zimetawanyika, huyu Lunga Lunga, yule Kinango, mwingine ndani kabisa ambako boda yenyewe inafikiria mara mbili. Mratibu wao ni Bi Zawadi. Yeye anasikia na ishara anazijua, kwa hiyo wazazi wakisema jambo anamtafsiria mwalimu.

Bi Zawadi akamwita Mwanasiti afanye majaribio likizo hii. Yakienda vizuri, darasa ni lake. Yakikwama, watamchukua mwalimu wa Nairobi ambaye tayari ana studio na taa na kila kitu. Bi Zawadi hakusema kwa ubaya, alisema kama mtu anayeeleza hali ilivyo.

Mwanasiti alilitaka darasa lile. Hakusema sana. Nilimwona tu akifanya mazoezi mbele ya kioo cha kabati huku wali unaungua jikoni, na yeye si mtu wa kuunguza wali.

Laptop tuliyokuwa nayo ni ex-UK, tuliinunua Ukunda ikiwa imetumika. Siku za mwanzo ilikuwa nzuri, haina neno. Kisha ikaanza kulegea. Unabonyeza folder, unakwenda kuinjika chai, unarudi ndiyo kwanza inafunguka. Mouse unaivuta, kile kimshale kinakuja nyuma yako kama mtoto asiyetaka kwenda madrasa.

Na jambo moja nililiona lakini sikulitilia maanani: haikuwa ikipata moto. Feni kimya. Laptop ya zamani ikilemewa hupiga kelele, hii yangu ilikuwa imepoa kama mtungi. Shikeni hilo.

Ukiwa unaandika barua, mashine slow ni kero tu. Kwa lugha ya ishara ni msiba. Sauti ya simu ikikatika katika, msikilizaji anaunga mwenyewe. Mkono ukikatika katika, neno limegeuka neno jingine, au halipo kabisa. Mkono uko kinywani, mara uko magotini, kilichopita katikati hukukiona. Na pale katikati ndipo maneno yalipo.

Siku ya jaribio la kwanza wazazi waliingia vizuri. Mmoja wao alikuwa Baba Mbodze, mfugaji wa upande wa Kinango. Alikuwa ametoka kwake hadi kituoni kwenye maduka, ambako network inashika, akaketi kwenye baraza la duka na simu ya kuazima. Bintiye Mbodze alikuwa kando yake, yuko likizo. Uso wa yule mtoto ulikuwa umejaa skrini, anamtafuta mwalimu.

Mwanasiti akaanza na chakula. Akaenda kwa maji. Akaenda kwa ng'ombe, makusudi, kwa sababu ya Baba Mbodze.

Mimi nilikuwa nafuatilia kwenye simu ya jirani, nikaona wanachokiona wao. Wallahi niliona haya. Mke wangu alikuwa picha. Picha moja, kisha nyingine, katikati hakuna kitu. Ile ishara ya ng'ombe ilifika kama mtu anayejikuna kichwa.

Bi Zawadi akamwomba arudie. Akarudia. Akaomba tena.

Baba Mbodze alisema jambo, akasimama, simu ikaonyesha paa la baraza, kisha akatoka. Wengine wakaanza kutoka mmoja mmoja.

Mwanasiti akaniuliza yule mzee amesema nini. Nilitaka kumpunguzia, lakini yeye husoma uso wangu kabla mikono yangu haijainuka. Nikamwambia: amesema mwalimu amekwama, na yeye ana ng'ombe hawajanyweshwa.

Akanijibu kwa ishara fupi: "Hakukosea. Hata mimi ningeondoka."

Kisha akaifunga laptop polepole, na ile taratibu yake ikaniuma kuliko kama angeibamiza.

Bi Zawadi aliandika kwamba watajaribu mara moja zaidi kabla ya shule kufunguliwa. Mara moja.

Kuanzia hapo, wakuu, mimi sikutulia. Nikiwa kazini nahesabu taulo, nikifika katikati nimesahau nilipokuwa. Nikiwa nyumbani nazunguka.

Kwanza nililaumu network. Nilibadilisha line. Nilipanda juu ya paa na simu ya hotspot, nikaifunga kwenye mti wa antena kwa kamba ya shuka. Jirani akaniuliza kama nawinda kunguru. Mashine ikabaki vile vile.

Nikaenda Ukunda kwa fundi wangu Kevo. Kevo ni kijana wa bara, ana kibanda nyuma ya soko, Sheng yake nusu siielewi lakini mkono wake ni mzuri. Akasema Windows imechoka, akaifuta, akaweka mpya. Nikafika nyumbani, slow.

Nikarudi. Akasema hard disk ni ile ya zamani ya kuzunguka, akaweka SSD. Pale kwake ikawaka kama taa, nikafurahi njia nzima. Nyumbani, slow.

Nikarudi tena. Akaongeza RAM. Akafungua feni, akatoa vumbi na mchanga, akapaka ile dawa ya juu ya processor. Pale kwake inakimbia. Nyumbani inalala.

Hapo ndipo akili ilipoanza kunichezea. Mashine moja, mtu mmoja, Ukunda inafanya kazi, Kinondo haifanyi. Kevo akaanza kuniangalia kama mtu anayemsingizia. Jirani, yule wa kunguru, akashauri nyumba isomewe dua ya kufukuza majini. Nami nilifika mahali nikasema labda, mbona isiwe.

Mtauliza kwa nini sikuazima laptop nyingine. Niliomba. Kompyuta za hoteli haziruhusiwi kutoka, na meneja alinijibu kwa upole kiasi kwamba sikuweza hata kukasirika. Rafiki yangu mwenye nzuri yuko nayo chuoni. Cyber ya Ukunda kuna watu wanapita nyuma yako, na kwa kiziwi kila anayepita ni kelele. Simu nayo ni ndogo, huwezi kuona mikono ya wazazi wote kwa pamoja, na simu yenyewe ndiyo iliyokuwa ikitupa internet.

Jibu lilikuja kwa stima kupotea.

Ilikuwa alasiri. Mwanasiti alikuwa akiongea kwa video na Fatuma, rafiki yake wa shule, yeye pia kiziwi, yuko Malindi. Walikuwa wakijaribu tu, ile ya kukwama kwama, wanarudia kila sentensi. Mara feni ya dari ikasimama. Stima imekwenda. Mimi nikaguna, nikatoka kuuliza majirani kama ni kote.

Niliporudi, Mwanasiti alikuwa amesimama wima, ananipungia mikono yote miwili.

"Njoo uone," akasema. "Stima imekwenda, na mikono ya Fatuma imekuwa laini."

Nikatazama. Ni kweli. Fatuma alikuwa akisimulia habari ya mkwewe, mikono inatiririka kama maji, hakuna kukatika. Mouse inakimbia. Folder zinafunguka.

Nikamuuliza imeanza lini. Akasema pale pale feni ya juu iliposimama. Yeye hutazama, mwajua. Mimi nilisikia stima imekwenda nikatoka nje. Yeye alibaki anatazama.

Stima iliporudi, mikono ya Fatuma ikakatika tena.

Mwanasiti akachomoa charger. Ikawa laini. Akairudisha. Ikakwama.

Sasa nikakumbuka kwamba Kevo kila alipoijaribu hakuwahi kuichomeka. Kibanda chake kina soketi chache na zote zimejaa simu za watu. Alikuwa akiiwasha kwa betri, inakimbia, ananirudishia. Nami nikifika nyumbani jambo la kwanza ni kuichomeka, kwa sababu betri yake ni ya zamani na haikai. Nyumba yangu haikuwa na jambo lolote, masikini. Ilikuwa na soketi.

Nikaingia mtandaoni kutafuta. Nikapata watu wengi sana wenye kisa hiki. Wanaita throttling. Kwa lugha yetu: processor inapunguzwa kasi makusudi na mashine yenyewe, kwa sababu mashine imeogopa kitu. Inaweza kuogopa joto. Inaweza kuogopa betri. Au inaweza kuogopa charger.

Wakaelekeza: fungua Task Manager, nenda Performance, bonyeza CPU, tazama palipoandikwa Speed.

Yangu ilitakiwa kuwa juu ya 2 GHz. Ilikuwa imeandika 0.39.

Sifuri nukta tatu tisa. Na haitikisiki. Ukifungua kitu iko hapo, ukifunga kitu iko hapo. Nikachomoa charger, ikaruka juu ya mbili. Nikachomeka, ikaanguka 0.39. Nikafanya hivyo mara nyingi kuliko ilivyohitajika, kama mtoto aliyegundua swichi ya taa, mpaka Mwanasiti akanishika mkono.

Sababu ilikuwa hii. Charger za mashine kama yangu zina pini nyembamba katikati. Ile pini haileti umeme, inaleta habari. Inaiambia laptop: mimi ni charger ya aina fulani, nina nguvu kiasi fulani. Laptop isipopata ile habari inasema huyu simjui, nikitumia nguvu nyingi anaweza kuungua, basi ngoja nijikunje. Ikijikunja ndiyo 0.39. Mashine nyingine huandika onyo ukiiwasha. Yangu haikuandika kitu. Betri nayo ilikuwa siku nyingine inajaa, siku nyingine haijai, nikadhani ni uzee.

Hapa ndipo ujinga wangu ulipo.

Mtandaoni kuna program ndogo inayozima ile amri ya kujikunja. Unaondoa tiki moja, processor inapuuza woga wa mashine, inakimbia. Walioieleza waliandika na onyo. Mimi onyo nililipita kama abiria anavyopita maandishi ya nyuma ya tiketi. Nikaweka, nikaondoa tiki, charger ikiwa ukutani, ikaruka juu ya mbili. Nikapiga makofi peke yangu.

Nilimpigia Kevo kumwambia nimemshinda.

Mwanasiti alikuwa chumba cha pili anapiga pasi. Akatoka na uso umekunjana, ananusa. Mimi nikadhani ni pasi. Hakuniuliza. Alikwenda moja kwa moja ukutani akachomoa charger, akaishika kidogo akaiachia ikaanguka chini. Lile tofali la charger lilikuwa moto wa kuchoma, na plastiki ya upande mmoja imeanza kulainika.

Akasimama mbele yangu ili nisiwe na pa kugeukia.

"Unataka kuchoma nyumba ili darasa liende haraka?"

Nilirudisha tiki pale pale, na ile program nikaifuta. Mashine haikuwa mvivu, wakuu. Ilikuwa ikijilinda, na mimi nilikuwa nimeiziba mdomo.

Asubuhi yake nikaomba ruhusa ya kuchelewa kazini, nikapanda boda hadi kwa Kevo, laptop kifuani. Dereva alikuwa anakwepa mashimo nami namwambia aongeze. Kesho yake ndiyo ilikuwa siku ya jaribio la pili.

Nikamweleza Kevo yote. Hakubishana. Akaazima charger original kwa mwenziwe wa kibanda cha pili, akachomeka, tukafungua Task Manager: 0.39. Basi, charger imetoka kwenye kesi. Akafungua mashine chini, akachomoa ile jack inayopokea charger, akaipeleka kwenye mwanga.

Ule waya mwembamba wa katikati ulikuwa wa kijani. Kijani kama shaba iliyolala baharini.

"Boss, ni hii chumvi yenu," akasema. "Pini ya kati imeliwa. Ikishika inachaji, isiposhika machine inajifinya."

Akakwangua, akaunga kwa risasi ya kuyeyusha, ikashika kidogo, ikaachia. Akasema jack mpya ipo Mombasa, haiwezi kufika kabla ya kesho kutwa.

Nilizunguka kile kibanda. Hakina nafasi ya kuzunguka, lakini nilizunguka. Mwishowe Kevo akaniambia niketi kwenye kreti. Akairudisha ile jack, akaupinda mdomo wa ile charger ya kuazima pembeni hadi taa ya chaji ikawaka, akauegemeza kwa kipande cha kitambaa, akasema mashine ibaki imezimwa ijae polepole, na mtu asiiguse. Kesho tuitumie kwa betri peke yake. Betri ikitosha, sawa. Isipotosha, ni kadari.

Nikaenda kazini, jioni nikaipitia. Imejaa. Niliibeba kama maji kwenye sahani.

Siku ya darasa, Mwanasiti alivaa blauzi nyeusi isiyo na maua ili mikono ionekane. Akafungua. Kasi juu ya mbili. Wazazi wakaingia. Baba Mbodze hakuwemo. Bi Zawadi akasema amempigia, hakuahidi.

Akaanza.

Sijui niwaelezeje. Ni mke wangu, nimemwona akiongea maisha yetu yote ya ndoa, lakini siku ile nilimwona kama wanavyomwona watu. Anauliza kwa nyusi. Anamsahihisha mama wa Lunga Lunga kwa kumwonyesha kidole kimoja tu kilichokaa vibaya, na yule mama anacheka kwa kuziba mdomo. Hakuna kilichokatika.

Mimi macho yangu yalikuwa kwenye ile alama ya betri. Ile betri ya zamani ilikuwa inashuka kama ndoo iliyotoboka. Nilitaka kupunguza mwanga wa skrini, akanipiga mkono, kwa sababu yeye anahitaji kuwaona. Nikafunga kila program isiyohitajika. Nikaanza kutembea nyuma yake, mlangoni hadi dirishani.

Akageuka. "Kivuli chako kinaingia kwenye picha," akasema. "Nenda nje."

Nikatoka. Nikasimama upande wa pili wa dirisha nikishika nondo, nachungulia skrini kwa ndani. Aliyepita njiani siku hiyo alidhani nimefungiwa nyumba.

Betri ikawa nyekundu. Na hapo ndipo Baba Mbodze akaingia.

Lile baraza lile lile. Bintiye kando, lakini safari hii mtoto hakuwa akitazama simu. Alikuwa ametazama upande, kuku au nini, kama mtu aliyekwisha kata tamaa na jambo hilo. Baba Mbodze akamwamkia Bi Zawadi, akaomba radhi ya kuchelewa, akasema ng'ombe wamekunywa.

Mwanasiti aliiona ile alama nyekundu, nilimwona akiiona. Hakumrudisha nyuma kwa chakula na maji waliyopita wenzake. Alimuuliza kupitia Bi Zawadi: "Wewe unataka kumwambia mtoto wako nini? Jambo moja."

Yule mzee akamgeukia mtoto wake kwanza, akamtazama. Mimi dirishani nilikuwa nikimwomba aharakishe.

Kisha akasema, na Bi Zawadi akamtafsiria Mwanasiti kwa mikono iliyopunguza mwendo kidogo: "Nataka kumuuliza amelala vipi. Kwetu kila mtu huulizwa asubuhi, hata mgeni. Huyu wangu sijawahi kumuuliza."

Mwanasiti akaweka kiganja shavuni. Kulala. Akafuata na swali, nyusi juu. Akamwonyesha tena, polepole. Yule mzee akaiga. Mikono yake ilikuwa mizito, imezoea kamba na fimbo, akaifanya ishara kubwa kama anamwita mtu wa ng'ambo ya mto. Mwanasiti hakuipunguza. Alimwambia sawa, hivyo hivyo, sasa mgeukie yeye.

Baba Mbodze akamgusa mtoto bega. Mtoto akageuka. Akamfanyia ile ishara.

Mbodze alitazama mikono ya babake. Akautazama uso wake. Akairudia mikono, kama anahakikisha ni ya nani. Kisha na yake ikaanza kuinuka.

Skrini ikawa nyeusi.

Niliingia ndani mbio, nikajigonga goti kwenye meza ya cherehani. Betri imekwisha kabisa. Mwanasiti hakuwa amesogea, viganja vyake viko wazi juu ya meza, anaitazama ile skrini iliyozima.

Nikasema nitachomeka, hata kwa 0.39. Akatikisa kichwa.

Tukakaa. Mimi ndiyo mara ya kwanza nimekaa tangu asubuhi.

Simu ikatetemeka. Bi Zawadi ameandika kwamba hakuna aliyetoka, wazazi wamebaki wanaulizana wao kwa wao wamelala vipi, mchana mweupe. Halafu akatuma video fupi kutoka kwa Baba Mbodze. Chini yake mzee ameandikiwa na mwenye duka: mwambieni mwalimu mtoto ameniuliza kitu na sikijui.

Tukaifungua. Mbodze yuko mbele ya baraza, anamtazama babake aliyeshika simu, mikono inakwenda haraka, haraka kuliko mimi ninavyoweza kufuata. Mwanasiti akaitazama mara moja. Akaitazama tena. Mabega yake yakaanza kutikisika, sikujua ni kicheko au ni kilio, nikamshika kiwiko ili anitazame.

"Anamuuliza babake," akasema, "wewe umejua kuongea tangu lini?"

Akaifuta pua kwa mgongo wa mkono, akachukua simu, akajirekodi. Video fupi kabisa, ya mzee kumwiga aweze kumjibu mwanawe. "Tangu leo."

Jack mpya ilifika, Kevo akaitia, ile charger iliyolainika nikaibadilisha, na sasa charger ikiwa ukutani kasi iko juu ya mbili siku nzima. Darasa ni la Mwanasiti. Linaendelea.

Nilichojifunza, nakisema kwa haraka kwa sababu nimeandika mengi.

Laptop yako ikiwa slow na haina joto, feni kimya, usikimbilie kufuta Windows wala kununua RAM. Tazama kwanza Speed kwenye Task Manager ikiwa imechomekwa, kisha ichomoe utazame tena. Ikiruka ukichomoa, kesi iko kwenye charger au kwenye jack. Jaribu charger nyingine ya aina yake kabla hujamruhusu mtu kufungua mashine. Ikiwa na joto kali na feni inalia, hiyo ni habari nyingine, ni vumbi na ile dawa ya processor. Sisi wa pwani tukumbuke kwamba chumvi haichagui, inakula geti na inakula pini. Na ile program ya kuzima woga wa mashine, niachieni mimi niliyeiona charger ikiyeyuka.

La mwisho si la kompyuta. Mwenye macho aliliona kabla yangu, kwa sababu mimi nilikuwa nazunguka. Ukiwa na tatizo, muulize uliye naye nyumbani ameona nini.

Waliopita njia hii wanirekebishe nilipokosea, sitakasirika. Na wewe unayesoma uzi huu kwenye laptop iliyochomekwa ukutani, hebu fungua Task Manager hapo ulipo, uniandikie hapa chini umekuta ngapi.